Umeme ukikatika wodini: jenereta, sola au inveta ya gridi?

Ilikuwa saa nane usiku, masika, katika kituo cha afya kimoja cha mkoa huu wa Tanga ambacho sitakitaja. Mama alikuwa juu ya meza ya upasuaji, tumbo limeshafunguliwa, mtoto bado hajatolewa. Umeme ukakatika. Sista mmoja akawasha tochi ya simu na kuimulika juu ya mikono ya daktari. Mimi nilikuwa nyuma ya jengo na mlinzi, tumeinamia jenereta. Nikapiga stata. Ikatoa mlio mmoja mkavu, tik, kisha kimya. Nikapiga tena: tik. Dizeli ilikuwemo, tangi limejaa. Oili ilikuwa safi, injini nzima. Betri ya stata ndiyo iliyokufa, kidude cha volti 12 ambacho hakuna aliyekumbuka kukipima tangu mwaka uliotangulia. Tukachomoa betri ya gari la wagonjwa, tukaifunga kwa spana ya kuazima huku mvua ikitunyeshea mgongoni, jenereta ikawaka. Dakika kumi na saba zilikuwa zimepita. Mama na mtoto walitoka salama, na namshukuru Mungu, lakini dakika zile kumi na saba sijazisahau mpaka leo.

Mimi ni fundi wa vifaatiba. Swali ninaloulizwa mara nyingi na waganga wafawidhi na wajumbe wa kamati za vituo ni hili: "Fundi, fedha yenyewe kidogo, tununue jenereta, tufunge sola, au tuweke inveta na betri zinazochajiwa na TANESCO?" Inveta ni kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani. Jibu moja la kuwatosha wote halipo. Kilichoiokoa hospitali moja kinaweza kuiangusha nyingine iliyo kilomita thelathini tu mbele. Nitakachofanya hapa ni kuvipanga vitu hivi vitatu mbele yako na kuvipima kwa vipimo vile vile, ili ukienda kwenye kikao uwe na la kusema.

Wapo watakaouliza kama hofu hii bado ina maana, kwa kuwa bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024. Ni kweli mgao wa namna ya ule wa 2006, wa 2011 na wa 2023 umepungua makali. Lakini nguzo iliyooza, mnazi ulioangukia waya na transfoma iliyopigwa na radi havijui kuna bwawa. Sisi wa Tanga tunalijua hili vizuri kuliko wengi. Kituo cha Hale kilianza kuzungusha mitambo kwa maji ya mto Pangani mwaka 1964, na kile cha Pangani Falls mwaka 1995, vyote ndani ya mkoa wetu, na bado Pangani yenyewe giza huingia. Umeme ule huenda kwenye gridi ya taifa kwanza, ndipo ukurudie wewe kupitia nyaya na nguzo.

Vipimo nitakavyotumia

Kipimo cha kwanza ni sekunde za mwanzo: tangu umeme ukatike mpaka taa ya chumba cha upasuaji iwake tena, ni muda gani, na je, lazima mtu anyanyuke? Cha pili ni siku ya tatu. Karibu kila mfumo hufanya vizuri saa ya kwanza, kwa hiyo nataka kujua utakuwaje saa ya sitini, barabara imekatika na mvua haijaacha. Cha tatu ni mzigo, yaani vitu gani mfumo unaweza kubeba na vipi hauwezi. Cha nne ni gharama, kwa kuhesabu miaka kumi, maana bei ya dukani peke yake hudanganya. Cha tano ni matunzo, na hapa naangalia joto letu, chumvi ya bahari, na fundi anayepatikana karibu.

Kabla ya kuchagua: andika mzigo wako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona fedha nyingi zikipotea kwa kuruka hatua hii.

Chukua daftari, zunguka kituo kizima na mtu wa zamu, chumba kwa chumba. Andika kila kifaa kinachotumia umeme, wati zake, na kinatumika saa ngapi kwa siku. Kisha vigawe katika makundi matatu: vile ambavyo vikizima mtu anaweza kufa au chanjo ikaharibika, vile vinavyoweza kungoja saa chache, na vile vinavyoweza kungoja mpaka umeme urudi.

Nitoe mfano wa kituo cha afya kinachofanya upasuaji. Kundi la kwanza lina konsentreta moja, yaani mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani, ya lita tano kwa dakika, wati 350. Friji ya chanjo na friji ya damu, tuseme wati 300 zikiwaka pamoja. Kitanda cha joto cha watoto wachanga, wati 600. Taa ya upasuaji ya LED, 100. Mashine ya kufyonza, 150. Monita ya mgonjwa, 50. Taa ishirini za LED za wati kumi kumi, 200. Jumla ni wati 1,750. Kundi lote la uhai wa watu halifiki kilowati mbili!

Sasa linganisha na birika la umeme la chumba cha wauguzi: wati 2,000. Birika moja la chai lina uzito kuliko chumba cha upasuaji, leba na friji zote mbili kwa pamoja. Nimeshuhudia mfumo wa sola wa mamilioni ukizimika saa tatu usiku kwa sababu ya birika na pasi. Wauguzi wale hawakuwa na kosa. Hakuna aliyewaambia soketi ipi ni ya nini.

Endelea na hesabu ya usiku wa saa 12. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Konsentreta ikiwaka usiku kucha inakula yuniti 4.2. Friji hizo mbili, kwa kuwa huwaka na kupumzika, yuniti 1.5. Kitanda cha joto kwa saa nne, 2.4. Taa, 2.4. Upasuaji mmoja wa saa mbili, 0.6. Jumla ni kama yuniti 11, na ukiongeza kinachopotelea ndani ya inveta, yuniti 12 na kitu. Namba hiyo ndiyo utakayoishika mkononi unapoongea na muuzaji. Asiyekuuliza namba hiyo anauza boksi tu.

Otoklevu ya kuchemshia vyombo, pampu ya maji ya kisima na mashine ya eksirei huwa kundi la pili au la tatu. Hizi ndizo hubadilisha uamuzi, kama utakavyoona.

Jenereta ya dizeli

*Sekunde za mwanzo.* Ikiwa na chenjiova (swichi ya kuhamisha jengo kati ya umeme wa TANESCO na wa jenereta) ya kujiendesha, jenereta nzuri hupokea mzigo ndani ya sekunde kumi hivi. Ikiwa ni ya kuwashwa kwa mkono, hesabu muda wa mlinzi kuamka, kutafuta ufunguo, kuwasha na kugeuza chenjiova: dakika tano kama mambo yote yako sawa. Kwa vyovyote lazima kuwe na giza la muda. Taa ya upasuaji yenye betri yake ndani huziba pengo hilo kwa fedha kidogo sana.

*Siku ya tatu.* Jenereta ya kVA 20 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta) ikibeba kilowati kumi hunywa kama lita tatu na nusu kwa saa. Pipa la lita 200 linaisha ndani ya saa 57, yaani usiku wa tatu unaingia pipa likiwa tupu. Kwa hospitali ya Tanga mjini hilo si tatizo kubwa, kwa sababu mafuta hushushwa kwenye bandari yetu hapa hapa na vituo vya mafuta vipo kila upande. Ukiwa upande wa kusini wa mto Pangani, au Handeni ndani ndani barabara ikikatwa na maji, madumu yako uliyonayo ndiyo uhai wako. Hifadhi hiyo nayo ina masharti: dizeli ikikaa zaidi ya miezi sita hadi kumi na miwili huanza kuharibika, na katika unyevunyevu wa pwani maji hujikusanya chini ya pipa na kuziba filta siku unayoihitaji.

*Mzigo.* Hapa jenereta haina mpinzani. Eksirei, otoklevu, pampu, mashine ya kufulia, vyote itabeba ikiwa na ukubwa unaotosha. Udhaifu wake ni mzigo mdogo. Ile kVA 20, yenye uwezo wa kilowati 16, ukiipa kilowati mbili tu usiku kucha itakunywea lita moja na nusu hadi mbili kila saa bila faida. Injini isiyopewa angalau theluthi ya uwezo wake kwa muda mrefu hujaa masizi na mafuta yasiyoungua, na maisha yake hufupika.

*Gharama.* Bei ya kununulia ni nafuu kuliko sola ya uwezo ule ule. Bei ya kuishi nayo ndiyo kali, na haiko mikononi mwako: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bajeti ya kituo hupangwa mara moja kwa mwaka.

*Matunzo.* Oili na filta kila baada ya saa 250 za kazi, kwa jenereta nyingi. Fundi wa injini ya dizeli anapatikana kila mji wa mkoa huu, kuanzia Lushoto hadi Mkinga, na faida hiyo tusiidharau. Iwashwe kila wiki kwa nusu saa ikiwa na mzigo, na betri ya stata ipimwe siku hiyo hiyo. Moshi wake usielekee dirisha la wodi hata kidogo, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Na bila chenjiova ya kweli usiiunganishe kabisa. Umeme wako ukirudi kwenye laini unaweza kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo akidhani waya hauna umeme.

*Inamfaa nani.* Hospitali yenye mzigo mzito, iliyo karibu na mafuta, yenye mtu wa zamu wa kudumu anayejulikana kwa jina kwamba jenereta ni yake.

Sola na betri

*Sekunde za mwanzo.* Ukifungwa vizuri, mfumo huu hauna giza. Taa hupepesa kidogo, au hata hazipepesi, na konsentreta inaendelea kunguruma. Kwa mtoto njiti anayetegemea oksijeni hilo lina thamani kubwa sana.

*Siku ya tatu.* Jua likiwepo, siku ya tatu ni sawa na ya kwanza, na hata ya thelathini. Ndiyo sifa yake kuu. Lakini masika ya Tanga, Machi hadi Mei, huweza kuleta siku tatu au nne za wingu mfululizo, tena ndizo siku ambazo nguzo huanguka. Kituo changu cha mfano, kikitumia yuniti 20 kwa siku nzima, siku ya jua zuri la saa tano kinahitaji paneli zenye jumla ya kilowati kama 5.3, yaani paneli kumi za wati 550. Kwa siku za saa tatu za jua kinahitaji karibu kilowati tisa, paneli kumi na saba. Muuzaji wa haraka atakuhesabia za kiangazi. Mwambie akuhesabie za Aprili.

Huko Amani na milima ya Usambara ukungu huweza kukaa nusu siku. Usichukue hesabu ya Pangani ukaipandisha mlimani kama ilivyo.

*Mzigo.* Kundi la kwanza lote inalibeba vizuri. Otoklevu unaweza kuiwasha saa sita mchana jua likiwa kali, ukijipangia. Eksirei ni ngumu: huvuta umeme mwingi mno kwa sekunde chache na inataka inveta kubwa ya bei ghali.

*Gharama.* Unalipa karibu yote siku ya kwanza. Baada ya hapo jua halina bei kikomo. Paneli huishi miaka 25 na zaidi, zikipungua nguvu taratibu. Betri ndiyo kiini cha hesabu. Za risasi na asidi hupaswi kuzitoa zaidi ya nusu ya uwezo wake, kwa hiyo yuniti 12 zile za usiku zinadai benki, yaani mkusanyiko wa betri, ya yuniti 25, kama betri kumi hadi kumi na mbili za volti 12 zenye ujazo wa 200Ah. Za lithiamu unaweza kutoa asilimia 80, benki ya yuniti 15 au 16 inatosha, na hukaa muda mrefu zaidi. Bei ya kununulia lithiamu ni kubwa. Ukigawanya kwa miaka, mara nyingi tofauti hiyo huyeyuka.

*Matunzo.* Nitasema wazi, kwa sababu hapa ndipo mifumo mingi ya sola niliyoiona imefia. Betri ya risasi hupimwa maisha yake kwa joto la nyuzi 25. Kila nyuzi kumi zinazoongezeka, maisha hukatika nusu. Chumba kidogo cha bati kisicho na dirisha, mjini Tanga, mwezi Februari, hupita nyuzi 35 bila shida. Betri uliyoahidiwa miaka mitano inakufa mwaka wa tatu, na lawama anabebeshwa fundi. Weka betri upande usiopigwa na jua la mchana, chini ya dari, penye hewa. Paneli ziinamishwe kidogo kuelekea kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa Ikweta, na mwinamo huo pia huisaidia mvua kuosha vumbi na kinyesi cha ndege. Karibu na bahari, boliti za chuma cha kawaida huliwa na chumvi, kwa hiyo dai chuma kisichoshika kutu na fremu za alumini. Tena ukate matawi ya mwembe. Kivuli cha tawi moja kinaweza kudhoofisha mstari mzima wa paneli.

Fundi wa sola anayejua inveta kwa ndani bado si wengi nje ya miji. Kabla hujasaini, uliza nani atakuja ikizima Jumapili.

*Inamfaa nani.* Kituo kilicho mbali na mafuta, chenye mzigo mdogo hadi wa kati, na chenye nidhamu ya soketi.

Inveta na betri zinazochajiwa na umeme wa TANESCO

Hii hudharauliwa, na siioni sababu. Ni betri na inveta zile zile za sola, ila hakuna paneli, na chaji inatoka kwenye gridi umeme ukiwepo.

*Sekunde za mwanzo.* Sawa na sola. Wodi haitajua kama umeme umekatika.

*Siku ya tatu.* Hakuna siku ya tatu. Betri ikiisha imeisha. Hata mgao wa kawaida huwa mtihani: betri za risasi zilizotumika mpaka nusu hutaka saa nane hadi kumi kujaa tena, na umeme ukija saa tatu tu kisha ukaondoka, kila usiku utaanza na betri pungufu kuliko jana yake.

*Mzigo.* Kundi la kwanza tu, na hata hilo kwa saa ulizozihesabia.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote kuanza nayo, ikiwa unachotaka ni saa tatu au nne. Na kama baadaye fedha itapatikana, paneli zinaongezwa juu yake, mradi inveta uliyonunua tangu mwanzo inapokea sola. Liulize hilo dukani kabla ya kulipa.

*Matunzo.* Joto ni adui yule yule. Zaidi ya hapo hakuna mengi, ila hakikisha LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya kituo haiishi bila mtu kujua, kwani betri zitabeba mzigo kimya kimya mpaka zikauke, na mtagundua saa kumi alfajiri.

*Inamfaa nani.* Kliniki, maabara au kituo cha mjini ambako umeme hukatika mara nyingi lakini hurudi siku hiyo hiyo.

Kuchanganya

Wengi wenye uwezo huishia hapa: betri huziba sekunde za mwanzo na kubeba usiku, sola hujaza mchana, jenereta huwashwa saa mbili tatu kwa siku ili kuchaji betri na kuendesha otoklevu na pampu kwa pamoja. Jenereta ikifanya kazi hivyo inapata mzigo inaoutaka, na pipa la lita 200 linaweza kuvuka wiki mbili, hata tatu. Tatizo ni kwamba mifumo mitatu ina mafundi watatu na sehemu nyingi za kuharibika. Kituo kilichoshindwa kupima betri moja ya stata kitashindwa pia kuutunza mchanganyiko.

Yasiyotaka waya

Haya yanasaidia mfumo wowote utakaochagua, na mengine hayagharimu hata shilingi.

Mtungi mkubwa wa oksijeni wa lita 6,800, kwa mgonjwa wa lita tano kwa dakika, hudumu zaidi ya saa 22. Kwa mtoto mchanga wa lita moja kwa dakika hudumu zaidi ya siku nne. Mtungi mmoja uliojaa pembeni ya konsentreta ni akiba isiyohitaji betri wala dizeli. Ila uwe na regyuleta yake, kile kifaa cha kupunguza presha, na spana ya kuufungulia, vimefungwa kwa kamba hapo hapo kwenye mtungi. Nimewahi kukuta mtungi umejaa na spana iko kwenye droo ya ofisi iliyofungwa kwa kufuli.

Chanjo na oksitosini, dawa ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Friji ikizimika, usiifungue. Bandika karatasi mlangoni yenye saa umeme ulipokatika na namba ya kumpigia mhusika wa chanjo. Zipo friji za chanjo zinazounganishwa moja kwa moja na paneli, hazina betri kabisa, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani kinazitaka zihifadhi baridi angalau siku tatu bila jua. Kwa zahanati naona hizi ni bora kuliko kuibebesha chanjo kwenye mfumo wa taa.

Kompyuta za mapokezi na duka la dawa zikizimika, kazi isisimame: weka rejista za karatasi na risiti za mkono ndani ya boksi moja, na mfanye mazoezi ya kuzitumia asubuhi moja kila baada ya miezi mitatu. Bagi ya ambu, yaani mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, iwepo leba na chumba cha upasuaji, na tochi za kichwani kwa kila zamu, kwa sababu anayeshika simu kumulika amepoteza mkono mmoja.

Kwa hali yako

Kama unaongoza hospitali ya rufaa au ya wilaya yenye eksirei, maabara kubwa na wodi ya watoto njiti, jenereta huwezi kuikwepa. Fedha ya kwanza baada yake ipeleke kwenye betri na inveta za chumba cha upasuaji na wodi ya watoto njiti peke yake, ili zile sekunde kumi za jenereta zisiwafikie. Sola iongeze unapoona bili ya dizeli imekulemea.

Kama ni kituo cha afya cha pwani, Pangani au Mkinga, kinachofanya upasuaji na barabara yake hukatika mvua zikishika, mimi ningeanza na sola yenye betri za lithiamu kwa kundi la kwanza, kisha jenereta ndogo ya kVA saba au nane ya akiba. Ndogo, ili ipate mzigo wa kuitosha.

Kama uko Amani au Bumbuli, fanya kinyume: jenereta ya kati kwanza, pipa la dizeli linalozungushwa kila miezi sita, na sola baadaye kwa hesabu ya siku za ukungu.

Zahanati isiyolaza wagonjwa usiku haihitaji jenereta. Friji ya chanjo ya paneli za moja kwa moja, taa za sola za leba, mtungi mmoja wa oksijeni, tochi mbili za kichwani. Fedha inayobaki ikarabati barabara ya gari la wagonjwa.

Kliniki ya binafsi Tanga mjini, Ngamiani au Chumbageni, yenye maabara na vitanda vichache, mara nyingi itatoshwa na inveta na betri za kuchajiwa na gridi. Jaribu kuhesabu kwanza, kwa daftari la mwezi mzima, umeme umekatika mara ngapi na kwa saa ngapi. Ukikuta hata mara moja umezidi saa sita, ongeza paneli.

Na kama fedha haipo kabisa mwaka huu, na mna jenereta kuukuu nyuma ya jengo kama ile ya usiku ule, nunueni betri mpya ya stata na kipima volti. Andikeni kwenye ukuta wa chumba cha jenereta jina la zamu na tarehe, kila Jumatatu: volti ngapi, dizeli lita ngapi, imewaka dakika ngapi. Pale kituoni tulianza hivyo wiki iliyofuata, kwa chaki, na mlinzi wa usiku ndiye aliyeomba jina lake liwe la kwanza.